Kubadilishana zawadi nyumbani wakati wa sikukuu bila kumtia mgeni yeyote unyonge

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu.

Msimu wa sikukuu unakaribia, na wengi wetu tunatafuta namna ya kukutana na ndugu, majirani na marafiki bila kubeba gharama ya kumnunulia kila mmoja zawadi yake. Kubadilishana zawadi ni jibu zuri la tatizo hilo. Watu kumi wanaotaka kupeana kila mmoja na mwenzake wanahitaji zawadi 90, ilhali wakikubaliana kubadilishana wanahitaji 10 tu. Nimekuwa mwenyeji wa hafla za namna hii na kuhudhuria za wengine, na ninachotaka kukitetea katika uzi huu ni kwamba utulivu wa hafla hauji kwa mwenyeji kuacha mambo yajiendee. Unakuja kwa masharti machache yaliyosemwa waziwazi kabla ya siku yenyewe. Mgeni asiyejua alete kitu gani, cha thamani gani, na kama atatakiwa kukifungua mbele za watu, hawezi kuwa na raha hata akikaribishwa kwenye sebule nzuri kiasi gani.

Nianze na mwaliko, kwa kuwa matatizo mengi ya siku ya hafla huwa yameshaanzia hapo. Mimi huandika maneno yanayokaribiana na haya: "Kila mtu alete zawadi moja iliyofungwa, yenye thamani isiyozidi kiasi tulichokitaja. Kitu ulichokuwa nacho nyumbani, ambacho bado ni kizima na safi, kinakubalika sawasawa na kilichotoka dukani. Usiandike jina juu yake. Tutaanza saa kumi jioni na kumaliza saa moja usiku. Ukikosa zawadi, njoo hivyo hivyo, kwa maana nimeweka za ziada." Kila sentensi hapo ina kazi yake, lakini ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu wapo watu ambao hukaa nyumbani kwa kisingizio cha homa au safari kumbe hawakupata cha kuleta, na hakuna mwenyeji anayependa kugundua jambo hilo baada ya sikukuu kupita.

Kuhusu kikomo cha bei, naomba tuwe waangalifu. Watu wengi wakisikia kikomo hukichukulia kuwa ndicho kiwango kinachotarajiwa, na anayeleta kitu cha nusu ya bei hiyo hujihisi amepungukiwa. Kwa hiyo kikomo kipangwe kwa kumtazama mgeni mwenye kipato kidogo zaidi katika orodha yako, kiwe kiasi anachoweza kukitoa bila kupunguza matumizi ya nyumbani kwake. Msilijadili suala hili kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu hakuna atakayeandika mbele ya wenzake kwamba kiasi kilichopendekezwa ni kikubwa kwake. Wote watakubali, kisha wawili hawatatokea. Mwenyeji aamue peke yake, akiwa na shaka kati ya viwango viwili achukue cha chini, na akitangaze kama jambo lililokwisha.

Wapo watakaosema kwamba kikomo kidogo huleta zawadi zisizo na maana. Sikubaliani nao. Mwaka 1993 mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alichapisha utafiti katika jarida la American Economic Review ambamo aliwauliza wanafunzi wazithamini zawadi walizopokea, ukiacha thamani ya kihisia, akagundua kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani ya zawadi hupotea, kwa maana kwamba mpokeaji huiona ina thamani ndogo kuliko bei iliyolipwa. Hasara hiyo ilikuwa ndogo kwa zawadi zilizotoka kwa marafiki na wapenzi, na kubwa zaidi kwa zilizotoka kwa mababu, mabibi, shangazi na wajomba, ambao hawakujua vizuri mpokeaji anapenda nini. Katika hafla ya kubadilishana, mara nyingi hujui zawadi yako itaishia mikononi mwa nani, hivyo kuongeza bei ni kuongeza kinachopotea. Kinachoinusuru zawadi ni nafasi ya kuhama kutoka kwa asiyeihitaji kwenda kwa anayeihitaji, na nafasi hiyo hutegemea njia mtakayoichagua.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni kura ya majina, ambapo kila mtu huokota karatasi yenye jina la mwenzake wiki mbili au tatu kabla, na kumtafutia zawadi yeye tu. Njia hii huwafaa watu wanaojuana, kwa kuwa zawadi huandaliwa kwa ajili ya mtu mahususi. Ya pili ni rundo la pamoja: zawadi zote zinawekwa mezani, watu wanaokota namba, na kila mmoja kwa zamu yake anachagua moja na kubaki nayo. Ni rahisi na haina mvutano, ingawa yote huachiwa bahati. Ya tatu ni ya kunyang'anyana, ambayo hupendwa kwa vicheko vyake na ndiyo inayohitaji masharti kuliko zote.

Katika kunyang'anyana, mwenye namba 1 anachagua zawadi kwenye rundo na kuifungua mbele ya wote. Mwenye namba 2 ana hiari mbili: kufungua mpya, au kuichukua ile iliyokwisha kufunguliwa. Aliyenyang'anywa naye anapewa hiari hizo hizo, ila haruhusiwi kuirudisha papo hapo zawadi aliyochukuliwa. Mchezo unaendelea hivyo hadi namba ya mwisho. Lazima pawe na ukomo wa mara ambazo zawadi moja inaweza kuchukuliwa. Nyumba nyingi huweka mara tatu, mimi napendelea mbili, na ikifika hapo zawadi hiyo haiguswi tena. Tofauti ya mbili na tatu inaonekana ndogo, lakini fanyeni hesabu: wageni 10 wenye ukomo wa mara mbili hawawezi kuzidisha vitendo 30, yaani kufungua 10 na kunyang'anya 20, na mkikadiria dakika moja kwa kila kitendo mmemaliza ndani ya nusu saa. Wageni 20 wenye ukomo wa mara tatu wanaweza kukaribia vitendo 80. Hapo watu wataanza kuangalia saa, na watoto watakuwa wamelala kwenye makochi.

Jambo jingine ni haki ya zamu. Mwenye namba ya mwisho amekwisha kuona kila kitu, na mwenye namba 1 hakuona chochote. Dawa yake inajulikana na inafanya kazi: mchezo ukiisha, namba 1 apewe zamu moja ya nyongeza, abaki na alichonacho au abadilishane na mtu yeyote ambaye zawadi yake haijafikia ukomo wake. Lisemwe mwanzoni kabisa, kabla ya namba kuokotwa, ili lisionekane ni upendeleo.

Karibuni kwa maswali na uzoefu wenu.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa mada, mkuu. Nakubaliana nawe kuhusu mwaliko na kikomo, lakini kwenye kunyang'anyana napenda kutofautiana nawe kwa heshima. Nimeshuhudia mama mmoja mtu mzima akifungua shali nzuri, akaiweka mabegani, wote tukaona jinsi uso wake ulivyobadilika kwa furaha, kisha kijana akaja akaichukua kwa sababu kanuni zinamruhusu. Watu walicheka. Yule mama naye alicheka, lakini alitumia muda mrefu sana kuikunja ile shali kabla ya kuitoa. Kanuni hazikuvunjwa, na bado mimi naona kulikuwa na kosa. Je, si bora mchezo huu tuuache kabisa?

Mleta mada

Nakushukuru kwa mfano huo, na sina haraka ya kuupinga, kwa sababu unaeleza jambo ambalo lina ushahidi. Mwaka 1990, watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa vikombe vya kawaida: nusu ya washiriki walipewa vikombe, nusu hawakupewa, kisha wakaruhusiwa kuuziana. Waliokwisha kukishika kikombe walidai bei ya takribani mara mbili ya ile ambayo wasiokuwa nacho walikuwa tayari kulipa, ingawa vikombe vilikuwa vile vile na vilikuwa mikononi mwao kwa dakika chache tu. Kwa hiyo yule mama hakuwa na moyo mwepesi kupita kiasi. Mtu akishakishika kitu na kukihesabu kuwa chake, kukiachia kunamuuma kuliko alivyofurahi kukipata, na mchezo wa kunyang'anyana umejengwa juu ya maumivu hayo madogo. Kwa watu wanaozoeana na kutaniana, maumivu hayo huyeyuka katika utani. Kwa wengine hayayeyuki.

Ushauri wangu ni kutazama orodha ya wageni kabla ya kuchagua njia. Ikiwa wapo wazee ambao heshima inawazuia kumchukulia mtu kitu mkononi, au wakwe waliokuja kwa mara ya kwanza, au mtu aliyefiwa mwaka huo, au bosi na wafanyakazi wake katika chumba kimoja, tumia rundo la pamoja au kura ya majina. Hali ya bosi inahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu hakuna mfanyakazi atakayemnyang'anya bosi, na bosi akimnyang'anya mfanyakazi hakuna atakayejua acheke au anyamaze.

Ipo pia njia ya kati ambayo naipenda: zawadi zibaki zimefungwa hadi mwisho. Watu wananyang'anyana vifurushi bila kujua ndani mna nini, kwa kufuata umbo, uzito na mlio wa kitu kikitikiswa, kisha zote zinafunguliwa kwa pamoja. Hapo hakuna aliyeshika shali akaiweka mabegani. Vicheko vinabaki na uchungu unapungua sana.

Mchangiaji wa pili

Mimi nina swali dogo kuhusu kura ya majina. Kila mwaka tunapookota, mtu mmoja hupata jina lake mwenyewe, na tunalazimika kurudisha karatasi zote na kuanza upya. Wakati mwingine tunarudia mara tatu au nne. Je, ni bahati mbaya yetu au tunakosea mahali?

Mchangiaji wa tatu

Naomba nimjibu ndugu yangu hapo juu, kwa kuwa nafundisha hesabu na swali hili ni la zamani. Hamkosei popote. Mwanahisabati Mfaransa Pierre Rémond de Montmort alilichambua tatizo la aina hii katika kitabu cha mwaka 1708, na jibu lake huwashangaza wengi: watu wakiokota majina bila mpangilio, uwezekano wa kwamba hakuna hata mmoja atakayepata jina lake ni takribani asilimia 37. Maana yake ni kwamba katika kura yoyote kuna uwezekano wa asilimia 63 hivi kwamba angalau mtu mmoja atajiokota. Na haijalishi sana mko wangapi. Kuanzia watu wanne na kuendelea kiwango hicho hubadilika kidogo sana, hata mkiwa mia moja.

Ipo namna ya kupiga kura ambayo haiwezi kushindwa na inalinda siri kabisa. Chukueni kadi kulingana na idadi ya watu. Kwenye kila kadi andikeni namba moja mara mbili, juu na chini: kadi ya kwanza ina 1 juu na 1 chini, ya pili ina 2 juu na 2 chini, na kuendelea. Zigeuzeni zisionekane, zichanganyeni vizuri, kisha zipangeni kwa mstari mmoja mezani zikiwa bado zimefunikwa. Sasa kateni kila kadi katikati kwa mkasi bila kuigeuza, vipande vya juu vibaki palepale, na vipande vyote vya chini visogezwe hatua moja kulia. Kile cha mwisho kinachobaki bila mwenzake kirudishwe mwanzo wa mstari. Kila mtu achukue jozi moja iliyo mbele yake, juu na chini. Kipande cha juu ndiyo namba yako wewe, na cha chini ni namba ya mtu utakayemwandalia zawadi. Kisha wekeni karatasi moja ambayo kila mmoja ataandika jina lake mbele ya namba yake.

Kwa kuwa vipande vya chini vimesogezwa, hakuna jozi inayoweza kuwa na namba moja juu na chini, hivyo hakuna atakayejipata. Faida ya pili, ambayo mimi naiona tamu zaidi, ni kwamba mnatengeneza mnyororo mmoja unaowapitia wote. Siku ya hafla mtu wa kwanza anatoa zawadi, aliyepokea anasimama na kutoa yake, naye aliyepokea anasimama, hadi inarudi kwa aliyeanza. Hakuna anayerukwa, na hakuna haja ya mwenyeji kuita majina.

Mchangiaji wa pili

Mwalimu, umenitatulia jambo lililonisumbua kwa muda mrefu. Nitatumia njia hii mwaka huu.

Mleta mada

Nami nimejifunza, mwalimu, ahsante sana. Niongeze tu kwamba wenye ndoa mara nyingi hawapendi kuangukiana katika kura, kwa kuwa wanapeana zawadi nyumbani kwa njia nyingine. Njia ya kadi haizuii hilo yenyewe, kwa hiyo mkubaliane mapema kama mke na mume wakipatana kura irudiwe, au iachwe hivyo hivyo. Mimi huiacha.

Mchangiaji wa nne

Salaam kwenu nyote. Umetaja kwamba vitu vilivyokuwa nyumbani vinakubalika. Nimewahi kupokea kitu kilichotumika ambacho kwa kweli kilistahili kutupwa, na nilijiuliza aliyekileta alinionaje. Unawezaje kufungua mlango huo bila watu kuleta takataka zao?

Mleta mada

Dada, swali lako ni la msingi, maana hafla ya vitu vya nyumbani ikiendeshwa vizuri ni nzuri kuliko ya vitu vya dukani. Haimgharimu mtu chochote, na kitu kilichokaa kabatini kinapata mwenyewe. Lakini lazima mwenyeji aseme maana ya neno "kizima", asiwaachie wageni wakisie. Kitabu kiwe na kurasa zote, ziwe zimeshikamana. Mchezo wa mezani uwe umehesabiwa vipande vyake. Chombo cha umeme kiwe kimejaribiwa siku hiyo hiyo, kije na waya wake, na kama kinatumia betri ziwemo ndani. Chombo cha udongo kisiwe na ufa wala pembe iliyomeguka. Nguo ni ngumu kwa sababu ya vipimo, kwa hiyo ama ziachwe, ama ziruhusiwe zile zisizohitaji kipimo kama vile skafu, shali na mikoba.

Kipimo ninachowaambia wageni wangu ni hiki: leta kitu ambacho ungeweza kumkabidhi mtu mkononi huku ukimtazama usoni na kumwambia kilitoka kwako. Anayejiuliza mara mbili kuhusu kitu chake huwa tayari amepata jibu.

Njia nyingine ni kuifunga hafla kwenye aina moja ya vitu. Ya vitabu peke yake ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kila mtu anafunga kitabu alichokisoma na kukipenda, na juu ya karatasi anaandika maneno matatu tu ya kukieleza, bila jina la kitabu wala la mwandishi. Watu huchagua kwa maneno hayo. "Kisiwa, kaka, usaliti." "Mapishi, bibi, subira." Mazungumzo yanayofuata baada ya kufungua ni marefu kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu aliyekileta yupo chumbani na anaweza kueleza kwa nini alikipenda, na aliyekipokea ana la kumuuliza wakikutana tena. Zipo pia hafla za mimea ya chungu, za vyombo vya jikoni, na za vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Kadiri aina inavyobanwa, ndivyo tofauti ya bei inavyopungua na ndivyo mgeni anavyopata wepesi wa kuamua alete nini.

Mchangiaji wa tano

Na watoto je? Kwetu haiwezekani kuwakusanya watu wazima bila watoto, na sitaki kuona mtoto wa miaka sita akinyang'anywa zawadi mbele ya watu.

Mleta mada

Mtoto asiingizwe kwenye kunyang'anyana, hilo sina mjadala nalo. Watoto wafanyiwe duara lao, nalo litangulie la watu wazima, kwa sababu wakishapata vya kwao watawaacha mcheze kwa amani. Zawadi zao ziwe za thamani moja na ukubwa unaokaribiana. Mtoto hapimi bei, anapima ukubwa wa boksi, na boksi dogo lenye kitu kizuri halimfariji anayemwona mwenzake amekumbatia kubwa.

Mchezo unaowafaa ni wa hadithi ya kulia na kushoto. Wanakaa kwenye duara, kila mmoja na kifurushi chake mapajani. Mtu mzima anasoma hadithi fupi aliyoiandaa ambamo maneno "kulia" na "kushoto" yamejaa, na kila neno likitajwa vifurushi vyote vinahamishwa kwa jirani wa upande huo. Hadithi ikiisha, kilichopo mapajani ndicho chako. Hakuna aliyemchagua mwenzake wala aliyemnyang'anya. Wote wanatoa na kupokea kwa wakati mmoja. Hadithi ya ukurasa mmoja inatosha, isomwe polepole, na msomaji asubiri vifurushi vyote vitulie kabla ya kuendelea, kwa maana wadogo huchanganya pande. Vijana wa miaka kumi na mbili au zaidi waulizwe wenyewe wanataka kukaa duara gani.

Mchangiaji wa sita

Naomba kuongeza mambo mawili kwa ufupi. La kwanza, katika kila kundi kuna watu wasiotumia pombe, au ambao manukato na mishumaa yenye harufu huwaletea shida ya kupumua, au ambao karanga na jamii yake ni hatari kwao. Mwenyeji anayewajua wageni wake aseme kwenye mwaliko vitu hivyo visiletwe, bila kumtaja mhusika. La pili, kuna wageni ambao imani yao haiadhimishi sikukuu ile, lakini wanapenda kuja kukaa na wenzao. Nimeona inasaidia mwaliko ukitaja kukutana na kubadilishana zawadi tu, na mapambo yakawa ya kawaida.

Mleta mada

Yote mawili nayapokea kwa mikono miwili, hasa hilo la kutomtaja mhusika.

Kabla sijasahau, niseme kidogo kuhusu siku yenyewe, kwa kuwa wengine mmeniuliza kwa ujumbe wa faragha. Panga viti kwa duara au nusu duara ili kila mtu aone zawadi inapofunguliwa bila kusimama. Meza ya zawadi iwe mbali na mlango, na mtu anayefika aiweke yake mwenyewe, pasiwe na wa kuipokea, kuipima kwa mkono na kutoa maoni. Weka pembeni vifurushi viwili au vitatu vya ziada vilivyofungwa sawa na vingine, kisha vichanganye kwenye rundo kimyakimya idadi ikipungua. Mgeni aliyekuja mikono mitupu asisikie tangazo lolote kumhusu. Vinywaji na vitafunio viwe vya kujihudumia, ili mwenyeji akae na watu badala ya kushinda jikoni. Mchezo uanze saa moja hivi baada ya wageni kufika, wakiwa wameshasalimiana na wachelewaji wameingia, na wasisubiriwe zaidi ya hapo.

Karatasi za kufungia hujaa sakafuni haraka, kwa hiyo weka mfuko mmoja mkubwa katikati, na mkasi mmoja unaopita mkono kwa mkono. Karatasi za kawaida zinaweza kurejelezwa, lakini zile zenye kung'aa kama bati au zenye plastiki kwa kawaida hazipokelewi. Kuzitambua ni rahisi: ikunje kwenye ngumi, ukifungua vidole ikabaki imekunjamana ni karatasi, ikijifungua yenyewe ina plastiki. Wageni wangu wengi sasa hufunga kwa kitambaa au gazeti, na zawadi hazijapungua uzuri wowote.

Mchangiaji wa kwanza

Nakushukuru kwa maelezo kuhusu vifurushi visivyofunguliwa, nimeridhika. Swali langu la mwisho: mtu akiondoka na kitu ambacho kwa kweli hakimfai afanyeje, hasa kama aliyekileta amekaa karibu naye na anamwangalia?

Mleta mada

Hapo ndipo mimi hufungua kile ninachokiita soko la mwisho. Mchezo ukiisha rasmi, natangaza dakika kumi ambazo kila mtu yuko huru kubadilishana na yeyote kwa makubaliano ya wote wawili. Natangaza kwa sauti na kama sehemu ya ratiba, iliyotajwa tangu kwenye mwaliko, ili anayebadilisha aonekane anafuata utaratibu na si kwamba anaidharau zawadi. Kwa kawaida mimi huanza mwenyewe, hata kama nilichopata kinanifaa, kwa kuwa watu wakimwona mwenyeji anauliza "nani anataka kubadilishana nami?" hawasiti kumfuata. Asiyepata wa kubadilishana naye anaweza kukiacha kitu chake kwenye kikapu kilicho karibu na mlango bila kumweleza mtu, na vitu vya kikapu hicho mimi huvipeleka kwa wanaovihitaji wiki inayofuata. Kuhusu waliovileta, hakuna anayejua kwa hakika nani alileta nini, maana vifurushi havikuandikwa majina, na mimi, isipokuwa kwenye hafla ya vitabu, huwaomba wageni wasiulizane.

Kwenye kura ya majina hilo halisaidii, kwa sababu mtoaji anajulikana. Huko soko la mwisho silifungui kabisa; mpokeaji anashukuru, anakwenda nacho nyumbani, na akikihamisha baadaye kwa mtu mwingine, afanye hivyo nje ya kundi lile lile.